Maswali ya Wasomaji: Moshi Kwenye Skrini, Ugomvi Sebuleni

Safari hii barua nyingi zinahusu filamu za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 zilizotengenezwa ili kuwatisha watu wasivute bangi. Barua zilizofanana tumeziunganisha. Tahadhari kwa ambaye hajazitazama: majibu yetu yanafichua miisho ya filamu nne.

Nakala tatu, dakika tofauti

*Swali: Mhariri, nina nakala tatu za Reefer Madness. Ya kwanza ina dakika 68, ya pili 65 na sekunde chache, ya tatu ina rangi na mwanzoni imeandikwa Tell Your Children. Ipi ni halisi? Na hiyo fupi imekatwa wapi?*

Jibu: Zote ni filamu ileile. Louis Gasnier, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliiongoza mwaka 1936 kwa jina la Tell Your Children. Baadaye mfanyabiashara wa filamu za kashfa, Dwain Esper, aliinunua, akachomeka vipande vya kuamsha ashiki, akaizungusha nchini kwa majina mbalimbali: The Burning Question, Dope Addict, Doped Youth, Love Madness. Kubadilisha jina kulikuwa na faida yake. Mji ulioiona mwaka huu ungeweza kuuziwa tena mwaka ujao ukidhani ni kitu kipya. Kwa hiyo jina linaloonekana mwanzoni si ushahidi wa kitu chochote.

Kuhusu dakika, kabla hujamlaumu mtu mwenye mkasi, piga hesabu. Filamu ya sinema hupita fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde. Televisheni na DVD za mfumo wa PAL hupitisha fremu 25. Zidisha 68 kwa 24, gawanya kwa 25, unapata 65.28, yaani dakika 65 na sekunde 17 hivi. Kama nakala yako fupi inakaribia hapo, hakuna kilichokatwa. Inakwenda mbio kidogo tu, na sauti za waigizaji zimepanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Fungua nakala zote mbili kwenye tukio moja usikilize, masikio yatakuthibitishia. Dakika zikipungua hadi 60 au chini ya hapo, hapo kweli kuna upungufu. Tafuta kwanza kwenye mabishano ya wazee wa baraza mahakamani, kisha pale Blanche, mmoja wa wavutaji, anaporuka dirishani. Nakala zilizochakaa hupoteza zaidi mwanzo na mwisho wa kila rili, kwa kuwa ndipo mkanda unaposhikwashikwa na kukatika.

Hiyo ya rangi ilitiwa rangi mwaka 2004. Filamu ilipigwa nyeusi na nyeupe, na waliotia rangi walifanya mzaha wa makusudi: moshi wa mvutaji mmoja ni wa kijani, wa mwingine wa zambarau. Inafurahisha, lakini usiitumie kufundishia historia. Jambo la mwisho: picha ya filamu hizi inakaribia mraba, upana 1.37 kwa urefu 1. Nyuso zikionekana zimetanuka kama chapati, televisheni yako inanyoosha picha. Iweke kwenye 4:3.

Hotuba ndefu ya nini?

*Swali: Kwa nini filamu hizi zote huanza na maandishi marefu ya kuonya na mtu mzima anayehutubia wazazi? Inachosha.*

Jibu: Inachosha, lakini hicho ndicho kilikuwa kibali chao. Kanuni za maadili za studio za Hollywood zilipitishwa mwaka 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen. Biashara ya dawa za kulevya haikuruhusiwa kuonyeshwa kabisa. Studio kubwa zikajitoa, na pengo likajazwa na wafanyabiashara wadogo kama Esper waliokuwa nje ya kanuni hizo. Hawakuwa na kumbi zao. Walibeba nakala wenyewe, wakakodi ukumbi wa mji kwa siku chache, wakabandika mabango ya msichana aliyelegea na sigara mdomoni, wakakusanya viingilio na kuondoka.

Sasa mkuu wa polisi wa mji akija kuuliza, lazima kuwe na jibu. Jibu ni maandishi ya mwanzoni: hii ni elimu kwa wazazi. Katika Reefer Madness maandishi hayo yanaiita bangi adui namba moja wa umma, na yanapanga madhara kwa ngazi: kwanza kicheko kisichozuilika, kisha maruweruwe, mwisho ukatili na wazimu usiotibika. Halafu anakuja Dk. Carroll, mkuu wa shule, akiwahutubia wazazi ukumbini. Mwishoni anageukia kamera na kunyooshea kidole: msiba ujao unaweza kuwa wa binti yako, au mwanao, au wako, au wako. Mzazi aliyelipa kiingilio ili kuona wasichana wakivua nguo anarudi nyumbani na hisia kwamba alikuwa mkutanoni.

Nani mwenye kosa, mtoto au mama?

*Swali: Mimi na mume wangu tumezitazama filamu nne na tunabishana. Yeye anasema zinawalaumu vijana na marafiki wabaya. Mimi naona zinamlaumu mama. Tuamulieni.*

Jibu: Dada, kila mmoja wenu ana filamu yake ya kumtetea. Mumeo anashinda kwenye Reefer Madness. Wewe unashinda kwenye Marihuana, ya mwaka 1936 pia, iliyoongozwa na Esper na kuandikwa na mkewe, Hildegarde Stadie.

Tuanze na ya kwako, maana ndiyo yenye ugomvi halisi wa nyumbani. Msichana anaitwa Burma. Mama yake macho yote yako kwa dada mkubwa, Elaine, aliyepata mchumba mwenye nafasi. Burma anajiona wa ziada katika nyumba yao wenyewe. Anakwenda kwenye sherehe ufukweni kwa mtu aitwaye Tony, wasichana wanavutishwa bangi, wanaingia baharini uchi, mmoja anazama na kufa. Burma anapata mimba usiku huohuo. Mchumba wake, Dick, anataka kumuoa lakini hana pesa, kwa hiyo anakubali kumfanyia Tony kazi ya kushusha mzigo wa magendo. Polisi wanampiga risasi. Burma anajifungua, anamtoa mtoto aasiliwe, anageuka kuwa muuzaji na kuanza kujichoma sindano. Miaka inapita, anapanga kumteka mtoto ambaye Elaine na mumewe wamemuasili, ili dada aumie kama alivyoumia yeye. Akishamteka ndipo anagundua kuwa ni mtoto wake mwenyewe aliyemtoa, na anakufa kwa dawa.

Sasa fanyeni jaribio hili, ninyi wawili. Toeni bangi kwenye hadithi, wekeni pombe, au kamari. Hadithi inasimama vilevile. Kisha rudisheni bangi na mtoe upendeleo wa mama. Hadithi inaanguka: Burma hana sababu ya kutoka nyumbani, wala ya kumchukia dada. Kinachoiendesha filamu ni mama aliyegawa mapenzi kwa mizani mbovu. Bangi ni mlango tu. Mwandishi wa filamu alilijua hilo, ndiyo maana aliuweka mwisho kati ya ndugu wawili na siyo kati ya muuzaji na polisi.

Reefer Madness ni kinyume chake, na kwa maoni yetu ndiyo inayotisha zaidi ikitazamwa vizuri. Nyumbani hakuna ugomvi wowote. Nyumba ni safi, vijana wananyweshwa chokoleti ya moto, Bill na Mary wanapendana kwa adabu. Bill anapoanza kwenda kwenye fleti ya Mae, ambako Jack anawavuta vijana kwa muziki na misokoto, wa kwanza kugundua ni Dk. Carroll: Bill anaukosa mpira wa tenisi kwa hatua nzima, anacheka darasani mahali pasipochekesha. Mkuu anamuita, anamuuliza, Bill anakana. Basi. Hakuna barua inayokwenda nyumbani. Mkuu anayasema aliyoyaona wakati Bill tayari yuko kizimbani kwa kesi ya mauaji.

Na aliyeuawa ni nani? Mary. Alikwenda fletini kumtafuta kaka yake, Jimmy, ambaye alikuwa amemgonga mtu kwa gari akiwa amevuta na kufungwa mdomo na Jack. Yaani dada ndiye aliyefanya kazi ya mzazi, tena peke yake, bila kumwambia mtu. Ralph, mvutaji mkubwa wa pale, anataka kumnajisi. Bill anatoka chumba cha pili akiwa na maruweruwe, ugomvi unazuka, bastola ya Jack inalia, Mary anaanguka, na Bill anaaminishwa kuwa muuaji ni yeye.

She Shoulda Said No! ya mwaka 1949 inageuza meza. Hapo mzazi ni dada. Ann ni mchezaji dansi anayemlipia mdogo wake Bob karo ya chuo. Anaingia kwenye bangi kupitia muuzaji aitwaye Markey, nyumba inageuka kijiwe, Bob anarudi, anaona, anajinyonga. Tazameni kinachomuua Bob: ni aibu ya kujua fedha ya masomo yake imetoka wapi. Mwigizaji mkuu, Lila Leeds, alikuwa amekamatwa kwa kosa la bangi Los Angeles mwaka 1948, siku moja na mwigizaji nyota Robert Mitchum, na kutumikia kifungo kifupi. Filamu iliuzwa kwa kashfa hiyo. Mitchum aliendelea na kazi yake kama kawaida. Leeds hakupata tena nafasi ya maana. Filamu kuhusu dada anayelipa gharama ya wengine ilichezwa na mwanamke aliyekuwa akilipa gharama hiyohiyo nje ya skrini.

Mkitaka kumaliza ubishi kwa haki, chukueni karatasi, pigeni mistari mitatu: nani anajua, anajua dakika ya ngapi, anamwambia nani. Mjaze mkiwa mnatazama. Kwenye Marihuana mstari wa tatu una majina, ila ya watu wasiofaa. Kwenye Reefer Madness uko karibu mtupu mpaka mahakamani.

Wosia wa bibi

*Swali: Katika Assassin of Youth bibi anaacha mali kwa mjukuu kwa sharti la mwenendo mwema. Mimi ni mwanafunzi wa sheria. Sharti hilo lingesimama mahakamani, au ni uongo wa sinema?*

Jibu: Kwa kanuni za jumla za mahakama za Marekani, mtoa wosia anaweza kuweka masharti ilimradi hayavunji sheria wala hayapingani na maslahi ya umma. Sharti la kutooa kabisa, kwa mfano, mara nyingi hukataliwa. La kutotumia kilevi huweza kukubaliwa. Shida ya sharti la filamu ni upana wake. Mwenendo mwema apimwe na nani, kwa kipimo gani, mpaka lini? Wakili makini angeandika kitendo kinachopimika, muda wa kukipima, mtu wa kuamua, na jina la atakayepata mali sharti likivunjwa. Hicho cha mwisho ndicho filamu inacho, na ndicho kinacholeta balaa: mjukuu, Joan, akichafuka, anayenufaika ni binamu yake, Linda. Basi Linda ana kila sababu ya kumchafua. Anamwingiza kwenye sherehe za wavutaji, na uvumi unamaliziwa na mwanamke mmoja mbeya wa mji anayezunguka na kipikipiki. Bibi mwenyewe alikufa katika ajali ya gari iliyosababishwa na wavutaji, lakini silaha iliyoivunja familia aliiandika yeye, kwa wino.

Filamu ilileta sheria?

*Swali: Nimesoma kuwa Reefer Madness ndiyo iliyowafanya wabunge wa Marekani wapige bangi marufuku mwaka 1937. Ni kweli?*

Jibu: Hapana, tarehe na mzunguko wa filamu havikubaliani na dai hilo. California ilikuwa na marufuku tangu 1913 na majimbo mengi yakafuata kabla filamu haijapigwa. Sheria ya taifa, Marihuana Tax Act, ilitiwa saini Agosti 2, 1937 na kuanza kazi Oktoba 1. Haikusema ni marufuku. Ilitoza kodi: dola 1 kwa aunsi kwa aliyesajiliwa, dola 100 kwa aunsi kwa asiyesajiliwa, na kutolipa ndiyo jinai. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiangusha, kwa kuwa ilimlazimu mtu kujishtaki mwenyewe, na mwaka 1970 ikatungwa sheria nyingine badala yake.

Aliyeisukuma ile ya 1937 ni Harry Anslinger, mkuu wa idara ya dawa za kulevya tangu 1930. Silaha yake kubwa nayo ilikuwa hadithi ya familia: kijana wa Tampa, Florida, aliyewaua kwa shoka wazazi na ndugu zake mwaka 1933. Anslinger alisema ni bangi. Madaktari waliompima kijana walimkuta na ugonjwa mkubwa wa akili, na ukoo wake ulikuwa na historia ya maradhi hayo. Kwenye vikao vya bunge Dk. William Woodward, mwakilishi wa chama cha madaktari wa Marekani, alipinga muswada na kuhoji uko wapi ushahidi zaidi ya magazeti. Hakusikilizwa. Kwa hiyo filamu na sheria zilikunywa kisima kimoja: hofu ya baba na mama kwamba atakayewaangamiza amelala chumba cha pili.

Kijana wangu anacheka

*Swali: Mwanangu wa miaka 16 ameitazama Reefer Madness na wenzake. Wamecheka mpaka machozi. Sasa anasema kama haya ni uongo, basi yote tunayoambiwa kuhusu bangi ni uongo. Nimjibu nini?*

Jibu: Mama, mpe haki yake kwanza. Mwambie ametazama vizuri. Lile tukio la Blanche kupiga piano mbio zaidi na zaidi kwa amri ya Ralph ni kichekesho. Mtu aliyevuta bangi mara nyingi hupungua kasi, haongezi. Ukitetea piano, utapoteza kesi nzima.

Kisha mtenganishie. Uongo: kwamba mvutaji hugeuka muuaji kwa msokoto mmoja. Kweli: kicheko, macho mekundu, kinywa kukauka, njaa, moyo kwenda mbio, kumbukumbu ya muda mfupi kuyumba. Moshi huanza kazi ndani ya dakika chache na athari kubwa hukaa kama saa 2 hadi 4. Bangi ya kula ni hadithi nyingine: huchukua dakika 30 hadi saa 2 kuanza, mtu anadhani haijafanya kazi, anaongeza, na hapo ndipo anapozidiwa kwa hofu na kutapika. Hili mwambie waziwazi. Ndilo kosa la kawaida zaidi la wanaoanza.

Kuhusu gari, filamu imekosea namna lakini haijakosea hatari. Jimmy anakwenda kasi. Dereva aliyevuta bangi kwa kawaida huenda polepole kuliko kawaida, ila gari linayumba ndani ya njia na anachelewa kuitikia jambo la ghafla. Ikichanganywa na pombe, hata kidogo, hatari inapanda sana.

Utegemezi upo. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni mtu 1 kati ya 11 hivi miongoni mwa waliowahi kutumia, na 1 kati ya 6 kwa walioanza wakiwa vijana wadogo. Na ile sehemu ya wazimu, ambayo filamu imeikuza kupita kiasi, ina mbegu ya ukweli: kuanza mapema, kuvuta kila siku na kutumia bangi kali huongeza uwezekano wa kuchanganyikiwa akili, hasa kwa mwenye historia hiyo kwenye ukoo. Kama kwenu ipo, huu ndio wakati wa kumwambia, hata kama ni jambo ambalo wazee hawapendi litajwe.

Makosa ya kuepuka: usianzishe mazungumzo akiwa amevuta, hatakumbuka nusu yake. Usiyaanzishe mbele ya ndugu zake, maana utakuwa umemtengeneza Burma. Usimpekue kisha umuulize, uliza kwanza. Na baada ya kuuliza, nyamaza. Dk. Carroll aliuliza swali zuri akalimaliza kwa hotuba, kijana akapata njia ya kutokea kwa neno moja. Muulize: kati ya watu wa kwenye ile filamu, kama ungekuwa Jimmy umemgonga mtu, ungempigia nani simu? Jibu lake litakuambia mahali unaposimama. Akishindwa kuacha ingawa anataka, au akianza kusikia sauti na kushuku kila mtu, hapo si suala la mazungumzo tena. Mpeleke kwa daktari bila kuchelewa.

Kuionyesha kwenye klabu

*Swali: Tunaendesha klabu ya filamu kwa vijana na wazazi. Tunataka kuonyesha moja ya filamu hizi. Tufanyeje isigeuke vurugu ya vicheko?*

Jibu: Vicheko vitakuja tu, vipangieni nafasi. Mwaka 1972 Keith Stroup, mwanzilishi wa NORML, shirika linalotetea kuhalalishwa kwa bangi Marekani, alinunua nakala ya Reefer Madness kwa dola 297 na kuizungusha vyuoni kuchangisha fedha za kampeni yake. Filamu ya kutisha wazazi ikawa kichekesho cha wavutaji. Ukiionyesha yote bila maelezo, unarudia onyesho la Stroup.

Msionyeshe zaidi ya dakika 25. Chagueni vipande vitatu: hotuba ya mwanzo, Dk. Carroll akimhoji Bill, na Mary akiingia fletini mpaka risasi. Piganeni na kishawishi cha kuanza na piano. Wakicheka hapo, hawatasikia kitu kingine. Baada ya kipande cha pili simamisheni na mgawe watu kwa makundi ya watano, vijana na wazazi wakichanganyika, lakini mzazi asikae na mwanawe. Waulizeni kitu kimoja tu: mkuu angefanya nini baada ya Bill kukana? Dakika 10 zinatosha. Tukio la Mary lina jaribio la kunajisi, kwa hiyo tangazeni kabla, si baada. Marihuana ina uchi, na She Shoulda Said No! ina kujinyonga, hazifai kundi lenye watoto, na ya pili haifai mahali ambapo kuna familia iliyopata msiba wa aina hiyo hivi karibuni.

Haki miliki: Reefer Madness ni mali ya umma Marekani kwa sababu tangazo lake la haki miliki lilikuwa na kasoro. Hilo si la dunia nzima. Nchi nyingine huhesabu miaka tangu kifo cha waliotunga, na Gasnier alifariki mwaka 1963. Angalieni sheria ya mahali mlipo. Tena nakala ya rangi, na nakala zilizowekewa muziki mpya, zinaweza kuwa na mwenyewe hata kama filamu ya asili haina. Tumieni nyeusi na nyeupe.

Sauti ndiyo itakayowasumbua. Ni ya zamani, ina mvumo, na kwenye ukumbi wenye mwangwi maneno hupotea. Punguzeni besi, punguzeni kidogo sauti kali za juu, spika ziwe mbele, si pembeni. Mkiweka tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, msizidishe mistari miwili ya herufi 42, na ikae skrini angalau sekunde moja na nusu. Kiswahili hurefuka: sentensi fupi ya Kiingereza ikikujia na maneno marefu matano, kata wazo, usibane herufi. Neno "reefer" ni msokoto. Msitafsiri kwa neno la mtaani la mwaka huu; mzazi hatalielewa, na mwakani kijana naye atalicheka.

Rili yenye harufu ya siki

*Swali: Nimerithi rili mbili za milimita 16 zenye maandishi Tell Your Children. Zinanuka siki. Naweza kuzipitisha kwenye projekta?*

Jibu: Usizipitishe bado. Harufu ya siki ni asetati, plastiki ya mkanda, inayooza. Ugonjwa huo hauponi, hucheleweshwa tu, na mvuke wake huambukiza mikanda iliyo jirani. Zitenge leo.

Habari njema ni kwamba milimita 16 haikutengenezwa kwa naitreti, ile filamu inayolipuka moto. Hofu hiyo ni ya milimita 35 za kabla ya 1951 hivi. Vaa glavu za pamba, kunjua futi chache kwa mkono. Mkanda ukilala mezani bila kujikunja na matundu ya pembeni hayajachanika, kuna matumaini. Ukijikunja kama jani kavu, au ukipungua urefu kwa zaidi ya asilimia 1, meno ya projekta yatauchana. Kupima: hesabu fremu 100 za mkanda wako, zilaze sambamba na fremu 100 za mkanda mpya, uone tofauti.

Urefu nao utakuambia kama filamu imetimia. Milimita 16 hupita futi 36 kwa dakika, hivyo dakika 68 ni futi 2,448. Rili moja ya futi 1,600 hubeba dakika 44 hivi. Ya pili inapaswa kuwa na karibu futi 850. Ikiwa na 500, umepungukiwa na kama dakika 10. Kama mkanda ni wa Kodak, tazama pia ukingoni kuna alama ndogo za duara, mraba au pembetatu. Zinaonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa, ila hujirudia kila miaka 20, kwa hiyo alama ya 1936 ni ileile ya 1956. Usiseme una nakala ya kwanza kwa alama hiyo peke yake.

Hifadhi mahali pa baridi na pakavu, rili zikilala, kwenye kopo lenye matundu ya hewa. Mfuko wa nailoni uliofungwa hunasa mvuke na kuharakisha uozo. Ukitaka picha zake, peleka kwa mwenye mashine ya kuskani isiyotumia meno, mwambie kabla kwamba zinanuka siki, na umwombe fremu 24 kwa sekunde, siyo 25.